Mashine ya Mnadani na Tone la Damu

Ndugu msomaji, leo nina neno la kukusimulia, nalo lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yangu mimi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto hesabu na sayansi, nikiwaambia kila siku wasipokee neno bila kuuliza sababu yake. Kisha siku moja ya mnada nikaketi juu ya kigoda mbele ya kijana mwenye mashine, nikasahau yote niliyoyafundisha.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Tangu mwanzo wa kulima mama watoto wangu hakuwa mzima. Homa ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Mgongo ulimwuma upande wa kulia, chini ya mbavu. Usiku alitetemeka hata kitanda kikalia, na asubuhi akashika jembe kana kwamba hakuna kitu, maana mama zetu unawajua. Katika zahanati walimpima malaria, kipimo kikasema hana. Sisi tukasema kipimo ni kibovu. Usinicheke, msomaji, kwa kuwa nasadiki na wewe umepata kusema hivyo. Tukanunua dawa ya malaria dukani, akaimeza yote, homa ikatulia siku mbili, ikarudi.

Ndipo ikafika siku ya mnada. Kando ya wauza mitumba alikuwapo kijana mmoja nadhifu, shati jeupe, tai shingoni, kompyuta mezani, na mkoba wenye neno la Kizungu alilolisoma kwa sauti kubwa: kwantamu. Watu walipanga mstari. Alimpa kila mmoja fimbo fupi ya chuma aishike kiganjani kwa dakika moja, na kompyuta ikaonyesha picha za moyo, ini, mafigo na mifupa, zikibadilika rangi. Hakutoa damu. Hakuuliza unaumwa wapi. Dakika ile ilipokwisha, akatoa karatasi tatu zenye habari za mwili mzima, toka unyweleni hata ukuchani. Mama watoto wangu aliambiwa kwamba moyo wake umechoka, ini lina mafuta, mifupa imekosa chokaa, tena ana “sumu nyingi mwilini”. Kupimwa shilingi 20,000. Dawa chupa nne, kila chupa shilingi 30,000. Tuliuza mbuzi wawili.

Labda utaniuliza, mwalimu wa sayansi aliona nini pale hata akafungua mfuko? Aliona kompyuta, tai, na neno asilolijua. Basi, hayo tu. Mtu asiyelijua neno huona haya kuuliza, na mwenye kulitumia anajua hivyo.

Wiki ya tatu ya chupa zile, mama akaanguka njiani akitoka kisimani. Tulimpakia pikipiki, mimi nyuma nikimshika, hata hospitali ya wilaya. Daktari, binti mdogo kwa umri, alimwuliza maswali mengi, kisha akamgonga polepole mgongoni, chini ya mbavu za kulia. Mama akapiga kelele. Daktari akaandika karatasi, akatutuma maabara kwa damu na mkojo.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema kijana wa maabara. Kumbe nilimfundisha darasa la tano!

“Marahaba, mwanangu. Tazama mama yako.”

Alimtoboa kidole, akachukua tone la damu kwa kimrija chembamba, akalichanganya na maji ya dawa, akalidondosha juu ya kibao cha plastiki kama kile cha kupimia malaria. Tukangoja dakika chache. Nilikaza macho nione mstari mwekundu. Haukutokea. Karatasi ya kibao ilibaki nyeupe, nami nikasema moyoni, haya, kipimo kibovu kingine. Lakini yeye hakukitazama hata kidogo. Alikitia ndani ya kisanduku kidogo chenye kioo, kikanguruma, kikatoa namba: 142.

“Mia na arobaini na mbili za nini?” nikauliza. Safari hii niliuliza.

“Miligramu katika lita moja ya damu, mwalimu. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya kumi.”

Kitu kilichopimwa chaitwa CRP. Ni protini itengenezwayo na ini. Mwilini mwa mtu mzima imo kidogo sana, lakini vidudu vikiingia mahali, au mwili ukiumia vibaya, ini hupelekewa habari na kuanza kuimwaga kwa wingi katika damu. Kwa muda wa saa chache tu huanza kupanda, na kwa siku mbili yaweza kuongezeka mara mia na zaidi. Jambo hili si geni. Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, William Tillett na Thomas Francis walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa kichomi. Waliona kwamba damu ya mgonjwa aliyezidiwa ina kitu kinachonasa sukari fulani ya kidudu cha kichomi, sukari ambayo wao waliiita C. Mgonjwa akipona, kitu kile chatoweka. Ndiyo asili ya ile herufi ya kwanza.

Vitu vya namna hii wenye elimu huviita alama za ugonjwa. Ugonjwa haukai kimya ndani ya mwili. Misuli ya moyo ikifa, humwaga katika damu protini iitwayo troponini. Vidudu vya malaria kali navyo humwaga protini yao wenyewe, na hiyo ndiyo inayotafutwa na vile vibao vya zahanati. Tabu ni kwamba alama nyingi ni chache mno katika damu, tena zimechanganyika na maelfu ya vitu vingine. Ni kama kumtafuta mtu mmoja kwa jina katika mkutano wa mji mzima, tena usiku. Ukitaka kumwona, sharti umpe taa mkononi.

Na hapo, msomaji, ndipo kijana wangu aliponionyesha jambo ambalo sijalisahau. Nilimwambia, “Lakini mimi sikuona mstari wo wote.” Alicheka, akavuta pazia la dirisha, akatoa mfukoni kurunzi ndogo yenye mwanga wa zambarau, ile waitumiayo wenye maduka kukagulia noti. Akaielekeza juu ya kibao cha mama. Pale palipokuwa peupe pakatokea mstari mwekundu, unawaka kama kaa la moto. Akazima kurunzi, mstari ukatoweka.

Wewe umepata kuona jambo hili, ila labda hukulitilia maanani. Noti halali ikiwekwa chini ya taa ile, nyuzi na alama zilizofichwa hung'aa. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa. Hata nge hung'aa, ukimmulika usiku kwa taa hiyo utamwona kijani kibichi juu ya jiwe, nami nilijaribu nyuma ya zizi nikawaona wanne, jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Vitu hivi hupokea mwanga tusiouona vizuri kwa macho na kuurudisha kwa rangi nyingine tunayoiona. Kung'aa kwa namna hii si kuwaka kwa moto, wala hakuna joto la kuunguza.

Sasa sikia jinsi kibao kile kinavyofanya kazi. Ndani yake mna ukanda wa karatasi. Damu iliyochanganywa na maji ya dawa hupanda katika ukanda kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kibatari. Njiani hukutana na vipunje vidogo vya plastiki vilivyotiwa madini yaitwayo yuropiamu, ambayo ndiyo yanayong'aa. Kipunje kimoja ni kama nanometa 200. Nanometa ni nini? Gawa milimita moja katika vipande milioni, kipande kimoja ndicho nanometa. Chembe nyekundu moja ya damu yako, ambayo yenyewe huionekani ila kwa darubini, ina upana wa nanometa kama 7,000. Basi vipunje kama thelathini na vitano vyaweza kupanga mstari juu ya chembe moja ya damu.

Juu ya kila kipunje zimebandikwa kingamwili, yaani askari wa mwili ambao kila mmoja amefunzwa kumkamata adui mmoja tu. Hawa wamefunzwa kuikamata CRP na kuacha vingine vyote vipite. Mbele, juu ya karatasi, umewekwa mstari wa askari wengine, nao huikamata CRP hiyo hiyo kwa upande wake wa pili. Basi CRP hujikuta imeshikwa huku na huku, na kipunje kinachong'aa kimeng'ang'ania. CRP ikiwa nyingi, vipunje vingi hukwama pale pale mstarini. Kisanduku humulika, hupima ukali wa mwanga, na kutoa namba. Ukiniuliza, naona kazi kubwa hapa ni ya wale askari. Chembe iweza kung'aa kama jua, lakini askari akishika mtu asiye, mwanga huo wote ni uwongo. Waliogundua njia ya kuwapata askari wa aina moja tu, tena kwa wingi usiokwisha, ni Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Mwaka 1984 walipewa tuzo ya Nobel kwa sababu hiyo.

Nikamwuliza kijana, “Na kile cha malaria, mbona mstari wake waonekana bila taa?” Jibu lake lilinishangaza. Katika vibao vingi vya malaria rangi ile nyekundu ni dhahabu! Naam, dhahabu hii hii ya pete. Ikisagwa hata kufikia nanometa chache makumi huacha kuwa ya manjano na kuwa nyekundu kama divai, nayo haihitaji taa, jicho lako latosha. Ndiyo maana kipimo hicho kimefika hata vijijini. Ila jicho hujibu ndiyo au siyo tu. Mwanga unaopimwa kwa kisanduku hujibu kiasi gani, na wakati mwingine hukiona kilicho kichache mno kwa jicho.

Yafaa niungame jambo lingine. Kile kipimo cha malaria tulichokiita kibovu kilisema kweli. Mama hakuwa na malaria. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na sisi tulipimwa, kisha tukafanya tupendavyo. Sisemi kwamba kibao hakikosei. Protini ile ya malaria yaweza kubaki katika damu majuma kadhaa baada ya mtu kupona, basi kibao kikasema “ndiyo” kwa ugonjwa uliokwisha kuondoka. Tena katika nchi nyingine, mathalan Peru na Eritrea, wamepatikana vidudu vya malaria visivyotengeneza protini ile kabisa, basi kibao kikasema “hapana” na malaria imo. Kila kipimo cha kweli kina mpaka wake unaojulikana. Mashine ya mnadani ndiyo isiyokuwa na mpaka.

Hapo nikakumbuka lile neno. Nikamwambia kijana habari ya fimbo ya chuma na mkoba wa kwantamu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema, “Mwalimu, neno ni la kweli, wameliiba tu.”

Tangu siku ile nimesoma, nikisaidiwa na mjukuu wangu aliye sekondari, nami nitakueleza kadiri nilivyoelewa. Ziko chembe ndogo zaidi ya vile vipunje vya yuropiamu, ndogo mno, nanometa mbili hata sita au zaidi kidogo, ziitwazo nukta za kwantamu. Ajabu yake ni hii, kwamba rangi yake hutokana na ukubwa wake. Chukua madini yale yale: chembe ndogo yang'aa buluu au kijani, kubwa kidogo yang'aa manjano, kubwa zaidi nyekundu. Fikiri ngoma. Mti ni ule ule, ngozi ni ile ile, lakini ngoma ndogo hutoa sauti kali na ngoma kubwa sauti nzito. Ndani ya chembe hizi vijisehemu vya umeme viitwavyo elektroni vimebanwa katika chumba kidogo, na kadiri chumba kinavyokuwa chembamba ndivyo nguvu inavyozidi, na mwanga wenye nguvu zaidi ndio wa buluu.

Aleksei Ekimov aliliona jambo hili ndani ya kioo chenye rangi, katika Urusi ya wakati wa Kisovieti, mwaka 1981. Louis Brus aliliona katika maji ya dawa huko Marekani, mwaka 1983, wala hakuwa na habari za yule mwenzake. Lakini chembe zao hazikuwa sawasawa, na ngoma zisizo sawa hazitoi wimbo. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wanafunzi wake, huko Massachusetts, walipata njia ya kuzitengeneza zikiwa za kipimo kimoja. Walimimina dawa ghafula katika kimiminiko chenye moto mkali, chembe zote zikaanza kukua kwa mara moja, kama maandazi yatiwayo mafutani kwa pamoja, na anayetaka kubwa huziacha zikae zaidi. Watu hawa watatu walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Habari za Bawendi zilinipendeza kwa sababu mbili. Baba yake alikuwa Mtunisia, basi na Afrika yetu imo kidogo katika tuzo hiyo. Tena yeye mwenyewe amesimulia kwamba katika mtihani wake wa kwanza wa kemia chuoni Harvard alipata alama ishirini kwa mia, akawa wa mwisho darasani. Niliposoma hayo nilikumbuka watoto kadhaa niliowaandikia kwa wino mwekundu maneno makali, nikaona haya.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba nukta hizi zaweza kubandikwa vitu vya mwili na kutumiwa kama taa za kutambulisha. Faida yake ni kubwa. Rangi za kawaida zing'aazo huchujuka upesi zikimulikwa, kama kitenge kilichoanikwa juani kila siku, bali nukta hizi hudumu. Tena taa moja yaweza kuamsha rangi nyingi kwa mara moja. Basi katika tone moja unaweza kuwapa askari wa CRP taa nyekundu, askari wa troponini taa ya kijani, na wengine taa ya manjano, ukasoma zote pamoja. Mpaka sasa, nisikudanganye, kazi yao hiyo ni zaidi katika vyumba vya uchunguzi. Wengi wanaozimiliki leo wanazo katika televisheni zao za bei, bila kujua.

Kwa nini hazijafika kila mahali? Kwanza, damu ni kitu kigumu. Hunywa mwanga, tena yenyewe ina mng'ao wake, basi kutafuta nuru ndogo ndani yake ni kama kutafuta kimulimuli mchana. Wataalamu wana hila nzuri hapa. Mng'ao wa damu hufa upesi mno, kwa muda usiohesabika, lakini mng'ao wa yuropiamu hukawia karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi vyombo vingine humulika, hungoja kidogo hata kelele za damu zinyamaze, ndipo hutazama. Sijui kama na sisi wazee wa baraza hatungefaidika na hila hiyo.

Pili, nukta nyingi zilizo bora zimetengenezwa kwa kadimiamu, nayo ni sumu. Kibao hakiingii mwilini, ni damu itokayo kwenda kwenye kibao, kwa hiyo mgonjwa hana hofu. Lakini vibao hutupwa, na kitupwacho huenda shambani na mtoni. Huko Japani, katika mkoa wa Toyama, kadimiamu iliyotoka mgodini iliingia mto Jinzu, kutoka mtoni ikaingia majaruba ya mpunga, na kutoka katika wali ikaingia mifupani mwa watu. Waliopatwa wengi walikuwa wanawake, mifupa ikavunjika kwa kukohoa tu. Ugonjwa wakauita itai-itai, maana yake “inauma, inauma”. Serikali yao iliukiri mwaka 1968. Kwa sababu hiyo wengine sasa wanatafuta nukta zisizo na sumu. Ziko zilizotengenezwa kwa kaboni, yaani kitu kile kile cha makaa, zilizovumbuliwa mwaka 2004, na mwaka 2012 wataalamu wa India walizipata kwa kupasha moto maji ya machungwa katika chombo kilichofungwa. Sikujaribu nyumbani, wala wewe usijaribu.

Tena usidhani kwamba wajinga wa mnadani ni sisi wa vijijini tu. Marekani kulikuwa na kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa mwaka 2003 na binti mmoja aitwaye Elizabeth Holmes. Alisema mashine yake hupima mambo mamia kwa matone machache ya kidoleni. Wakubwa wa nchi walikaa katika baraza lake, matajiri wakatoa fedha, kampuni ikahesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Mwaka 2015 mwandishi wa gazeti alifichua kwamba mashine haifanyi hayo. Mwaka 2018 kampuni ikafungwa, na mwaka 2022 Holmes alihukumiwa kwenda jela zaidi ya miaka kumi na moja kwa kuwalaghai waliompa fedha. Walipoteza mamilioni ya dola, mimi mbuzi wawili, na tofauti kati yetu nadhani ni bei ya tai.

Turudi kwa mama. Ile 142 haikutaja ugonjwa. CRP ni kama moshi juu ya mlima, yakwambia kuna moto, haikwambii shamba la nani linaungua. Ndiyo maana daktari alimgonga mgongo, ndiyo maana alitaka na mkojo. Katika mkojo, chini ya darubini, waliona usaha na vidudu. Vidudu vilikuwa vimepanda kutoka kibofu hata figo la kulia. Daktari alituambia kwa upole kwamba tungalikawia zaidi vingeingia katika damu yenyewe, na hapo wengi hawarudi nyumbani. Kisha akauliza alikuwa akitumia dawa gani. Mama akanitazama mimi. Nilizitaja zile chupa nne, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa na jibu la jirani yake.

Alichomwa sindano asubuhi na jioni. Siku ya tatu homa ikakatika. Siku ya tano kijana wangu alimtoboa kidole tena, na kisanduku kikasema 31. Alitueleza kwamba ini likiacha kuimwaga, CRP iliyomo hupungua karibu nusu kila siku, kwa hiyo namba ikishuka hivyo dawa inafanya kazi. Baada ya kumaliza vidonge tulirudi: 4. Mama aliomba aandikiwe namba zile tatu katika daftari lake la kliniki. Mtu ambaye hajawahi kupenda hesabu!

Mwezi uliofuata yule kijana wa fimbo ya chuma alirudi mnadani. Nilisimama katika mstari kama wengine. Zamu yangu ilipofika nikamwuliza, “Mwanangu, mashine hii inatafuta kitu gani mwilini?”

“Kila kitu, mzee.”

“Mimi nataka kimoja tu. Kitaje jina, uniambie mtu mzima huwa nacho kiasi gani, na mgonjwa kiasi gani.”

Alisema ni teknolojia ya kisasa, niwapishe wenye shida. Nikasema kwa sauti, ili na wengine wasikie, kwamba mke wangu alishika fimbo hiyo na figo lake lilikuwa linaoza, na karatasi tatu hazikulitaja figo hata mara moja. Akina mama wawili walitoka mstarini. Wengine walibaki, na mmoja wao alikuwa jirani yangu, tena mtu niliyemfundisha kusoma. Jioni nilikwenda kwake. Tuliongea hata usiku, na kesho yake nilimsindikiza hospitali kwa ajili ya kifua chake. Majibu bado tunayangoja.

Zile chupa nne zilikuwa nzuri, za kioo kizito. Mama amezichemsha. Tatu anawekea samli na moja mafuta ya alizeti. Wageni wakiuliza zimetoka wapi, huwajibu kwamba zimetoka kwa mbuzi wawili, kisha ananitazama.